Mamma Mia! (2008): mbona kila ikionyeshwa watu wanagawanyika hivi? Tuichambue kwa vitu vinavyoshikika

#1 Dagaa_wa_Kirumba

Wakuu, salaam. Filamu hii ikionyeshwa hapa Mwanza, iwe ukumbini au kwenye flashi za kupokezana, ugomvi ni uleule. Upande mmoja wanatoka wanaimba, upande wa pili wanasema hiyo ni karaoke ya matajiri waliokwenda likizo. Naomba safari hii tuache "nimeipenda" na "ya kijinga". Mwenye hoja ataje wimbo, ataje onyesho, aseme kilichofanyika pale ni nini.

Kwa wasioijua: binti anayeitwa Sophie anaolewa kwenye kisiwa cha Ugiriki, hamjui baba yake, anasoma shajara ya mama yake Donna na kukuta wanaume watatu. Anawaalika wote. Hadithi nzima inabebwa na nyimbo za ABBA, kundi la pop la Sweden, ambazo zilikuwepo miaka mingi kabla. Kwanza ilikuwa mchezo wa jukwaani, London, Aprili 1999, mwandishi Catherine Johnson. Filamu ikaongozwa na Phyllida Lloyd yuleyule wa jukwaani, na ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema. Meryl Streep ndiye Donna. Kina baba ni Pierce Brosnan, Colin Firth na Stellan Skarsgård.

Karibuni.

#2 Sangara_Mkavu

Naanza na jipu lenyewe. Brosnan hajui kuimba. Alipewa Razzie, ile tuzo ya kejeli, ya mwigizaji msaidizi mbovu kwa kazi hiyohiyo. Mtu akifika kwenye wimbo wa SOS anashika kichwa. Mjadala umefungwa.

#3 MwalimuWaKwaya_Nyegezi

Haujafungwa mkuu, ndiyo kwanza umeufungua. Swali la maana ni kwa nini anasikika vile, wakati Firth naye si mwimbaji na hakuna anayemlalamikia sana.

ABBA hawakuandika nyimbo za sauti moja. Agnetha na Frida, waimbaji wao wa kike, waliimba pamoja, kisha wakarekodiwa tena juu ya walichokwisha imba, na tena. Fundi wao wa studio, Michael Tretow, alikuwa akibadilisha kidogo sana kasi ya mkanda kati ya tabaka na tabaka ili sauti zisilingane kabisa, ndiyo ule unene unaousikia. Melodi yenyewe ukiivua nguo hizo inabaki na mifupa mirefu: noti ndefu, miruko mipana, hakuna pa kujificha.

Sasa mpe wimbo huo mwanaume mmoja mwenye sauti ya kati. Ukimshusha oktava nzima, beti zinazama kooni na hazisikiki. Ukimpandisha ili kiitikio kiwe na nguvu, anaishia kusukuma sauti ya kifua mahali ambapo mwimbaji aliyefunzwa angekuwa ameshahamia sauti ya kichwa. Brosnan anasukuma. Noti inafika, lakini inafika imekunjwa, na akiishikilia inashuka. Firth kwenye Our Last Summer anaimba kama mtu anayeongea, ndani ya upana mdogo, hajaribu kuinua mlima.

Angalia pia kwamba nyimbo zinazopendwa hata na wapinzani ni zile za kundi: Dancing Queen, Voulez-Vous. Pale umati unarudisha lile tabaka la sauti lililokosekana. Wanakwaya mnaojaribu nyimbo hizi, msihamishe kwa oktava. Hamisheni kwa noti nne au tano za ngazi ya muziki, na angalau sauti mbili ziwe kwenye melodi.

#4 BibiHarusi_Ilemela

Mwalimu umesema vizuri, ila mimi sauti hainisumbui. Kinachonigawanya mimi mwenyewe ni kama wimbo umepata kazi halali ndani ya hadithi au umebebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Nipitie michache.

Slipping Through My Fingers (1981). Uliandikwa kuhusu mzazi anayemtazama binti yake akienda shule. Kwenye filamu Donna anamchana nywele Sophie siku ya harusi. Hakuna kilicholazimishwa. Hata anayechukia filamu nzima hapa hunyamaza.

Does Your Mother Know (1979). Kwenye sahani aliimba Björn wa ABBA, mwanaume akimkataa msichana mdogo anayemchokoza. Kwenye filamu wamegeuza: Christine Baranski, mama wa makamo, anawaimbia vijana wa ufukweni. Maneno ni karibu yaleyale, mwimbaji ndiye amebadilika, na wimbo uliokuwa unachechemea kwa masikio ya leo ukageuka kichekesho. Kwangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote humo ndani.

Super Trouper (1980) ni jina la taa kubwa ya jukwaani. Haubebi hadithi hata kidogo, lakini unaimbwa usiku wa kuamkia harusi na Donna na mashoga zake wawili waliowahi kuwa bendi, kama onyesho ndani ya onyesho. Hiyo ni njia safi: ukiwa na wimbo usiotaka kuingia kwenye hadithi, mfanye mhusika auimbe kama wimbo.

Halafu The Winner Takes It All (1980). Hapa ndipo nusu ya ukumbi inalia na nusu inatazama saa. Björn aliandika maneno yake baada ya kuachana na Agnetha, akampa Agnetha auimbe. Maneno yana mahakimu wanaoamua, yana mpenzi mpya aliyechukua nafasi. Donna na Sam (Brosnan) wakati huo walikuwa hawajawahi kuoana! Wakili gani, hakimu gani? Streep anauimba juu ya jabali, kitambaa kinapepea, anaigiza kwa mwili mzima mpaka unasahau kuuliza. Anayefuata uso analia. Anayefuata maneno anabaki nje. Wote wawili wako sahihi, sioni sababu ya kuwapatanisha.

#5 Sangara_Mkavu

Dada hapo kwenye mahakimu umenipa risasi bure, asante. Ndiyo maana nasema aina hii ya filamu ni uvivu. Mtunzi halisi anaandika wimbo kwa ajili ya mhusika wake. Hawa wanachukua mtumba na kuulazimisha umkae mtu.

#6 Kabati_la_Santuri

Mtumba huo ni wa zamani kuliko unavyodhani. The Beggar's Opera ya John Gay, London 1728, ilitumia tuni ambazo watu walikuwa wakiziimba mitaani. Singin' in the Rain ya 1952, ambayo wajuzi wengi wa sinema wanaiweka kileleni, karibu nyimbo zake zote zilitoka kabatini: Arthur Freed na Nacio Herb Brown walikuwa wameshaziandika kwa filamu za nyuma. An American in Paris ya 1951 ilijengwa juu ya nyimbo za Gershwin na ikachukua Oscar ya filamu bora.

Kwa hiyo tatizo si nyimbo za zamani. Tofauti ni kwamba nyimbo za Freed na Brown watazamaji hawakuwa wamefunga nazo ndoa. ABBA kila mtu ana yake: ya harusi yake, ya basi lake la shule. Filamu inapoukata wimbo wako ubeti wa pili, unaona kama umeibiwa. Wametoa Knowing Me, Knowing You kabisa, ambayo jukwaani ipo. The Name of the Game waliipiga picha kisha wakaikata, iko kwenye diski miongoni mwa maonyesho yaliyoachwa.

#7 FundiSauti_Igoma

Niwaongezee sababu ambayo wachambuzi wa huko nje hawawezi kuijua, kwa sababu haiko kwenye filamu, iko kwenye nakala tunazoonyeshwa.

La kwanza, DJ wa kutafsiri. Kwenye filamu ya mapigano DJ akiongea juu ya mlio wa bunduki hakuna kinachopotea. Filamu ya nyimbo ni kitu kingine: wimbo ndio mazungumzo. Nakala nyingi zilizotafsiriwa zinashusha sauti asili wakati wote DJ anapoongea, na DJ hanyamazi. Matokeo: unamwona Streep anapanua mdomo kwa dakika nne, unasikia mtu anasema "hapa mama anasikitika sana, jamani". Hapo nusu ya kibanda umiza ina haki ya kuondoka.

Inafanyika hivi. DJ aongee kwenye vipande vya ala kabla ya ubeti, aseme kiini cha wimbo kwa sentensi moja au mbili, anyamaze. Anapoongea, shusha muziki kama desibeli 12, urudi polepole kwa nusu sekunde, usiruke. Kiitikio kisiguswe. Kikirudi mara ya tatu maana yake inajulikana.

La pili, chaneli ya katikati. Sauti ya kuimba kwenye mchanganyiko wa chaneli sita inakaa zaidi katikati. Ukiwa na spika mbili na mashine imeachwa itoe chaneli sita, ile ya katikati inamwagika hewani: ala zinapiga, mwimbaji yuko mbali kama yupo Kamanga ng'ambo. Watu wanasema "hawa hawajui kuimba" na kumbe hawajawasikia. Weka mashine itoe stereo, na kama programu inaruhusu, pandisha katikati desibeli 3.

La tatu, ukumbi wenyewe. Bati juu, zege chini, kuta tupu: viitikio vya kundi vinageuka uji. Tundika turubai zito au mablanketi ukuta wa nyuma, spika zisimame usawa wa kichwa cha aliyekaa na zielekezwe kwa watu, zisitazame ukuta wa pembeni. Punguza kidogo masafa ya kati ya hezi 200 na 300. Mvua ikianza juu ya bati, simamisha filamu. Ukipandisha sauti kushindana na bati unachoma spika na wimbo bado hausikiki.

#8 MwalimuWaKwaya_Nyegezi

Fundi, ongeza la kasi. Nakala za diski za mfumo wa PAL zinaendeshwa fremu 25 kwa sekunde badala ya karibu 24, hivyo filamu ya dakika 108 inaisha karibu dakika 104. Kama kimo cha sauti hakikusahihishwa, kila wimbo umepanda, pungufu kidogo ya nusu ya toni. Streep anasikika mwembamba, na mwenye gita anayejaribu kupiga sambamba atakaza nyuzi mpaka zikatike. Punguza kasi hadi 0.96 na uzime ile sehemu ya kutunza kimo, mambo yanarudi mahali pake.

#9 Dagaa_wa_Kirumba

Na hiyo ndiyo sababu maandishi ya tafsiri chini ya picha hayakai? Faili lilelile kwenye nakala moja linakwenda sawa, kwenye nyingine linaachana na midomo.

#10 FundiSauti_Igoma

Ndiyo hiyo mkuu. Faili la fremu 24 juu ya picha ya fremu 25 linachelewa kama sekunde 25 kila dakika 10. Usihangaike kulisogeza mbele na nyuma, litaachana tena. Badilisha kasi ya faili lenyewe, programu za kuhariri maandishi zina kitufe cha kubadili idadi ya fremu. Likiachana kwa kiasi kilekile toka mwanzo mpaka mwisho, hapo ndipo unasogeza tu.

Na kwa anayetafsiri nyimbo: mistari miwili, isizidi herufi 40 hivi kila mmoja, ibaki angalau sekunde moja na nusu. Kiswahili kinakula nafasi, kwa hiyo tafsiri maana ya ubeti, usifukuzane na neno kwa neno. Kata mstari pale mwimbaji anapovuta pumzi. Kichekesho kikitokea kwenye maandishi kabla ya kutokea mdomoni, ukumbi unacheka mapema na onyesho linakufa.

Msisahau pia: kununua diski si ruhusa ya kuonyesha hadharani. Ruhusa ya mwenye filamu ni yake, na ya Bodi ya Filamu ni yake.

#11 Jiwe_la_Kisesa

Mnasema kugawanyika kama vile ni ugonjwa. Usukumani huo ndio mchezo wenyewe. Bagika na Bagalu wakikutana uwanjani, kama siku za sikukuu ya ngoma ya Bulabo kule Bujora, makundi mawili yanacheza wakati mmoja na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Watu wanahukumu kwa miguu. Ndiyo maana mchezaji wa Bugobogobo anarusha jembe hewani, ndiyo maana Bayeye wanaleta nyoka.

Sasa tazameni. Filamu ilitengenezwa kwa dola milioni 52 ikaingiza zaidi ya milioni 600. Uingereza mwaka 2008 iliipita Titanic kwa mapato. Wachambuzi walikuwa upande mmoja wa uwanja wakiandika, watu wakahamia upande wa pili. Kwa sheria ya Bagika na Bagalu, kesi imekwisha.

#12 Sangara_Mkavu

Ng'wanawane, watu walikwenda kuangalia nyoka. Haimaanishi aliyeshika nyoka aliimba vizuri.

#13 Jiwe_la_Kisesa

Hahaha. Hapo sikujibu.

#14 BibiHarusi_Ilemela

Hiyo ya nyoka nitaijibu mimi. Filamu hii haifichi kwamba wengi wao si waimbaji. Kwenye Dancing Queen wanawake wanaacha ndoo na mizigo wanamfuata Donna mpaka gatini, na yule mpiga piano ni Benny Andersson wa ABBA mwenyewe. Hakuna anayecheza kwa ufundi wa kutisha. Wangeweka wachezaji wa kulipwa waliopangwa kama askari, onyesho lingekuwa zuri zaidi na lingepoteza maana, maana mwaliko wake ni "hata wewe unaweza". Anayetaka ufundi anaona uzembe, anayetaka kualikwa anaona mlango wazi. Uzembe upo kweli, lakini mahali pengine: uhariri wa Voulez-Vous unakata mno, hujui nani yuko wapi, na onyesho zito la kila baba kugundua kwamba ni baba linapita humo kama upepo.

#15 Sangara_Mkavu

Hapo kwenye Voulez-Vous tumekubaliana, weka alama. Ila kwenye hadithi sirudi nyuma. Miaka haikai. Na ya pili, Here We Go Again ya 2018, ndiyo ilivuruga kabisa: kwenye ya kwanza Donna anatania kuhusu mama yake kama mtu aliyeko huko juu mbinguni, kwenye ya pili mama huyohuyo anashuka na helikopta akiwa ni Cher. Cher amezaliwa 1946, Streep 1949. Mama amemzidi mtoto miaka mitatu.

#16 Kabati_la_Santuri

Ukiihesabu kwa kalenda huwezi kuitetea. Lakini ya pili kwa sauti imeishinda ya kwanza. Lily James, Donna wa ujana, anaimba kwa urahisi, na kina baba wamepunguziwa mzigo, Brosnan anapewa kipande kifupi cha SOS, taratibu, akinong'ona karibu, na ghafla kinagusa. Waliwasikiliza walalamikaji wakarekebisha pale palipovuja. Iliingiza pungufu ya ya kwanza hata hivyo. Nyimbo kubwa walikuwa wameshazitumia, ikabidi warudie Dancing Queen na kuokota za pembeni ya kabati.

#17 MpigaBesi_Mstaafu

Vijana, mimi nawaza mbele. Kwa nini hatuna ya kwetu? Nyimbo za dansi zina hadithi tayari: barua, wivu, mke aliyerudi kwao, baba aliyekunywa mshahara. Zinataka uzoefu wa kukata tu. Wimbo wa dansi wa zamani unaenda dakika saba mpaka kumi: sehemu ya polepole yenye maneno, halafu chemko, yaani sehemu ya haraka ya kucheza. Kwenye filamu sehemu ya maneno ndiyo onyesho la mazungumzo, dakika mbili na nusu zinatosha. Chemko usiliweke kila mahali. Ukichemsha kila wimbo, watazamaji wanachoka dakika ya arobaini. Tunza machemko mawili au matatu kwa pale umati unapoingia: mnadani, mwaloni wakati mitumbwi inarudi, na harusini.

Hakimiliki ndiyo ukuta. Kuna haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi. Rekodi nyingi za zamani zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wa bendi za mashirika, kwa hiyo nani mwenye nini si jambo la kukisia. Sheria Na. 7 ya 1999 iliweka maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, fanyeni hesabu. Njia nyepesi: omba haki ya utunzi kwa warithi, ukiulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kisha rekodi upya kwa bendi yako, uachane na mikanda ya zamani. Ndivyo Benny Andersson alivyofanya, alisimamia muziki ukarekodiwa upya kwa ajili ya waigizaji.

#18 Dagaa_wa_Kirumba

Mzee umetufungulia uzi mwingine. Na kupiga picha ya wimbo juu ya mawe ya ziwani kule Bismarck au visiwani, sauti inachezwa vipi? Kila video ya kwaya inayopigwa ufukweni midomo haiendani.

#19 FundiSauti_Igoma

Midomo haiendani kwa sababu spika iko mbali. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 34 kutoka kwa mwimbaji, anausikia wimbo umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu, na jicho linaona. Umati mrefu wa watu hamsini gatini, wa mbele na wa nyuma wanacheza nyimbo mbili. Majabali nayo yanarudisha mwangwi, aliye karibu na jiwe anapiga makofi kwa mwangwi badala ya mdundo.

Spika ndogo nyingi, kila mita nane au kumi, zote kwa waya kutoka chanzo kimoja. Msitumie za Bluetooth: kila moja inachelewa kwa kiasi chake. Anayeimba karibu na kamera avae kisikilizio kidogo sikio lisiloonekana. Mwanzoni mwa wimbo weka midundo minne ya kuhesabu, ianze kila mara unapocheza, ndiyo mhariri atakayoitumia kupanga picha na sauti.

Piga picha asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unapanda kuja nchi kavu, mawimbi yanapiga mawe, kanga zinafunika nyuso, na mtumbwi hausimami mahali ulipoacha. Siku ambazo wingu la wadudu wadogo linatoka ziwani, funga mkoba: wanaingia mdomoni mwa anayeimba na wanajaa kwenye kioo cha kamera. Kwenye mtumbwi spika ikae sakafuni, juu ya mpira au magunia makavu, si juu ya ubao, la sivyo mbao zinanguruma na besi. Betri, si jenereta. Na anayesimama kuimba asimame katikati ya mtumbwi, boya la kuokolea ndani ya vazi, kamera iwe mtumbwi wa pili, uliofungwa kamba na wa kwanza ili umbali usibadilike katikati ya ubeti.